Naomba ushauri: unga wa mitishamba wa kulinda ubongo pamoja na vidonge vya mzee

Mwana_Igogo:
Ndugu wanajamvi, baba yangu ni mvuvi mstaafu anayetumia vidonge vya levodopa kwa ajili ya ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa viungo. Kaka yangu amenunua hapa Mwanza unga wa manjano, pilipili manga na mbegu za upupu, na muuzaji amemwonyesha makala ya kitaalamu inayosema kwamba viambato hivyo vililinda seli za ubongo wa panya. Makala hiyo nimeisoma na haionekani kuwa ya uongo. Je, tumpe mzee unga huo pamoja na vidonge, au tumwachishe vidonge kwanza kama muuzaji anavyoshauri?

Mfamasia_Nyakato:
Pole kwa kuuguza. Msimwachishe vidonge ghafla kwa hali yoyote, kwa kuwa anaweza kupata homa kali na kukakamaa misuli hata kupoteza maisha. Makala inaweza kuwa ya kweli na bado isimhusu mzee wako. Panya hawaugui Parkinson wenyewe. Watafiti huwapa sumu inayoua seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza miendo ya mwili, na mara nyingi kiambato cha mmea hutolewa kabla ya sumu hiyo au sambamba nayo. Mzee alipoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya seli hizo ilikuwa imekwisha kufa. Isitoshe, kurkumini ya manjano hufyonzwa kidogo mno mwilini: kwa panya ilipunguza mabonge ya amiloidi, protini inayorundikana kwenye ubongo katika Alzheimer (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu), lakini wagonjwa wa Alzheimer walioimeza kwa wiki 24 nchini Marekani hawakuonyesha nafuu.

Mjukuu_wa_Ukerewe:
Sikubaliani na dharau hii. Mimea imewatibu babu zetu, haina kemikali wala madhara.

Mstaafu_wa_Maabara:
Ndugu wa Ukerewe, wewe ni mtu wa ziwani, bila shaka utupa unaujua. Majani yale ya kulevya samaki yana rotenoni, na mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, walionyesha kwamba panya wanaopewa rotenoni kidogokidogo kwa muda mrefu hupata dalili za Parkinson. Tangu hapo imekuwa mojawapo ya sumu za kuwaugulishia panya ambao manjano na mimea mingine hujaribiwa kuwakinga.

Kuhusu upupu, hata hivyo, nakubali kwamba upo ukweli. Mbegu zake zina levodopa ile ile iliyomo kwenye vidonge, na katika jaribio la wagonjwa 18 nchini Bolivia, lililochapishwa mwaka 2017, unga wake uliopimwa uliwalegeza viungo kwa kiwango kinacholingana na cha dawa ya hospitali. Lakini huko ni kuziba pengo la dopamini, kwa kuwa levodopa hugeuka dopamini ubongoni, si kulinda seli, na unga wa kaka yako hakuna aliyeupima. Mzee akiuchanganya na vidonge atakuwa ameongezewa dozi isiyojulikana: viungo vinaweza kuchezacheza bila hiari yake, presha ikashuka anaposimama akaanguka, au akaona watu wasiokuwepo.

Mfamasia_Nyakato:
Naongeza kwamba piperini ya pilipili manga huweza kupunguza kasi ya ini kuvunja baadhi ya dawa, zikalimbikizana katika damu. Ile ya kwenye pilau haina neno. Nazungumzia vijiko vya unga kila siku. Je, anatumia dawa nyingine?

Mwana_Igogo:
Anatumia amlodipini ya presha. Basi unga tumeuweka kando, na siku ya kliniki pale Bugando tutaupeleka daktari auone. Jambo jingine: vidonge vya jioni huvinywa pamoja na ugali na sato, na ndio wakati anaokakamaa viungo kuliko wote.

Mfamasia_Nyakato:
Protini ya samaki hushindana na levodopa kuingia mwilini na kwenye ubongo. Mwulizeni daktari kuhusu kumpa vidonge nusu saa kabla ya chakula, na kichefuchefu kikimsumbua, avinywe na kipande cha muhogo wa kuchemsha au uji mwepesi usiotiwa maziwa wala unga wa dagaa.