Wenye milango ya biashara (vyumba vya duka vya kupangisha) Lubumbashi, mkataba wenu wa pango wa ukurasa mmoja umetuchosha!

Mitaa ya Kenya, Kamalondo na Bel-Air, barabara ya Kasenga, popote uendako karatasi ni ile ile: majina mawili, bei kwa dola, "muda mwaka 1", sahihi, basi. Mwenye nyumba anataka garanti (amana ya kurudishiwa ukitoka) ya miezi sita mkononi pamoja na mwezi wa kwanza, na komisioneri, yaani dalali, naye anadai mwezi wake. Mlango wa dola 300 umeshakula dola 2,400 kabla hujapigilia msumari wa rafu. Na kwa pesa yote hiyo huoni hata mstari mmoja unaosema paa likivuja mwezi wa kumi na mbili nani analitengeneza.

Sheria ipo, jamani. Kongo imo ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za biashara za pamoja, tangu Septemba 2012, na nyumba ya biashara inatawaliwa na sheria ya OHADA ya biashara kwa jumla, kifungu 101 hadi 134. Acheni kupeperusha sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 mkiwa mnapangia duka. Ile jina lake lenyewe linasema ni ya upangaji usio wa kazi.

Huo "mwaka 1" ni mtego, tena mtego wa makusudi. Haki ya kuongezewa mkataba (kifungu 123) unaipata ukiwa umefanya kazi iliyoandikwa kwenye mkataba kwa miaka miwili angalau. Anayekupa mwaka mmoja anakuacha utie vigae, ubadili nyaya, uchomelee mlango wa chuma, kisha mwaka ukiisha anakuambia mtoto wake anarudi kutoka masomoni. Hapo huna haki ya kuongezewa. Ukipita miaka miwili na akikataa kukuongezea, analipa fidia, na mahakama ikiikadiria inaangalia mauzo yako, pesa uliyotia kwenye nyumba, mahali ilipo na gharama za kuhama. Kwa hiyo usisaini chini ya miaka miwili, omba mitatu. Na angalieni lile neno "kazi iliyoandikwa". Ukiandika duka la nguo halafu ukaweka jiko la kuuza chakula, umempa kisu.

Ukitaka kuongezewa, ombi lako limfikie kwa maandishi, kwa huissier (mpeleka hati wa mahakama) au kwa njia nyingine yenye uthibitisho, miezi mitatu kamili kabla ya mkataba kuisha. Asipojibu hadi ukabaki mwezi mmoja, sheria inahesabu amekubali. Lakini ukichelewa kuomba haki imekwenda, na wengi wanaipotezea hapo, kwa sababu "tumezoeana na mzee". Mzee akifa ndipo mtajua.

Garanti: OHADA haikuweka kikomo, kwa hiyo hapo ni mdomo wako tu. Bishania miezi mitatu, au sita kwa mafungu mawili. Dai risiti mbili, moja ya garanti na moja ya pango. Risiti moja ya "nimepokea dola 2,100" ndiyo inayozaa ugomvi siku ya kutoka, mwenye nyumba akiapa kwamba yote ilikuwa pango. Andika pia garanti inarudi baada ya siku ngapi, kwa pesa gani, na kama unalipa kwa faranga, kwa kiwango cha Benki Kuu cha siku hiyo au cha mbadilisha pesa wa barabarani. (Na noti za dola unazompa zipige picha pande zote mbili. Anayerudishiwa garanti kwa noti yenye mpasuko mdogo anajua hakuna duka litakaloipokea.)

Paa, kuta kubwa, ukuta wa lupango (kiwanja), shimo la choo: hayo ni ya mwenye nyumba, kifungu 106. Yako ni matunzo ya kila siku. Lakini ukisaini bila kuandika kasoro zozote, sheria inachukulia umepewa nyumba nzima. Kwa hiyo kabla ya kusaini piteni pamoja, kila ufa na kila alama ya maji kwenye dari iandikwe, wote wawili muweke sahihi kila ukurasa. Ukaguzi mzuri ni baada ya mvua. Kiangazi kila paa ni zima.

Umeme ndiyo uchafu mwenyewe. Mita moja ya SNEL, shirika la umeme, milango mitano, bili inagawanywa sawasawa, na jirani yako ni mchomeleaji. Dai mita yako ndogo, au mgawo uandikwe kwa hesabu ya vifaa. Omba bili ya mwisho ya SNEL na ya REGIDESO, shirika la maji, kabla hujatoa hata dola moja, maana wakikata kwa deni la aliyekutangulia, giza linakuwa lako. Namba ya mita siku ya kuingia iwe kwenye mkataba.

Kuna na wale wa "dola 300 safi, mambo ya serikali utajua wewe". Kodi ya mapato ya pango, IRL, ni ya mwenye nyumba. Mpangaji anaikata kwenye pango na kuipeleka DRHKAT, ofisi ya mapato ya jimbo la Haut-Katanga. Ukikubali "safi" na makato yakiwa 20 kwa mia, pango lako la kweli ni dola 375. Ongea bei ukijua hiyo.

Na kabla ya yote: cheti cha lupango kina jina la nani? Kama ni urithi, likidateri (msimamizi) wa urithi ndiye asaini, si mjomba aliyeshika funguo.

*

Fundi wa Katuba: Yaya, maneno ni mazuri, lakini ukimwekea mwenye nyumba kurasa tano, kesho yake amempa mwingine.

Mwenye uzi (mwandishi wa hapo juu): Ndugu, ndiyo maana usibishane naye juu ya kila kitu. Vifungu vya OHADA kama 110, 123 hadi 127 na 133 vinakulinda hata visipoandikwa, na hata mkiandika kinyume chake. Akiuza nyumba, mnunuzi anarithi mkataba wako. Akisema anabomoa, aonyeshe kazi anayotaka kufanya. Unabaki hadi kubomoa kuanze, na nyumba mpya ikisimama wewe ni wa kwanza kupewa nafasi. Ukichelewa kulipa, anakupa onyo la maandishi la mwezi mmoja, kisha mahakama. Kufuli la usiku ni ubabe. Hayo usiyataje mezani, utamtisha bure. Nguvu zako zitumie kwa yale ambayo sheria imewaachia ninyi wawili: miaka, garanti, mita, na bei kupanda lini. Mkataba ukinyamaza juu ya bei, inaguswa kila baada ya miaka mitatu. Kwa hiyo futa "bei inaweza kubadilika wakati wowote", hata kama itabidi umwachie dola kumi kwa mwezi. Kurasa mbili zinatosha.

Mama Depo: Na sisi ambao hatuna karatasi kabisa? Tulikubaliana kwa mdomo.

Mwenye uzi: Mama, wa mdomo nao ni mkataba, na hauna mwisho uliopangwa. Akitaka utoke, akupe notisi ya miezi sita kwa maandishi. Shida yako ni ushahidi. Kuanzia mwezi huu usilipe tena mkononi bila risiti yenye mwezi na anwani ya mlango. Akikataa risiti, lipa kwa simu, ili jina lake na tarehe vibaki kwenye ujumbe. Na kwa wa mdomo, sheria inachukulia siku ya kuingia ulipewa nyumba nzima, kwa hiyo ubovu wa siku hiyo ni vigumu kumdai. Paa likiharibika baadaye bado ni lake.