Peugeot 404 mbili mnadani Shimanzi: niweke dau kwenye lipi?

Mwana wa Tudor anauliza:

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Jumamosi ya wiki ijayo kutakuwa na mnada wa magari ya kale katika ghala moja huku Shimanzi. Mali ni ya mzee mmoja aliyefariki, na dalali ametoa orodha ya vitu vinne. Cha kwanza ni Peugeot 404 saluni, jeupe, lililopakwa rangi upya likang'aa, na orodha inasema kwamba lilishiriki mbio za Safari za mwaka 1968. Cha pili ni Peugeot 404 la familia, lile refu lenye safu tatu za viti, ambalo rangi yake ya kijivu imefifia na viti vyake vimechanika. Halafu kuna Land Rover Series IIA na pikipiki aina ya BSA Bantam. Vyote vinauzwa vilivyo na mahali vilipo, na tumepewa siku mbili za kuvitazama kabla ya mnada.

Marehemu baba yangu aliendesha teksi ya 404 kati ya Mombasa na Malindi tangu zama za kusubiri pantoni pale Kilifi, na mimi nilikaa safu ya nyuma kabisa pamoja na vikapu vya nguru na mizigo ya abiria. Kwa hiyo moyo wangu uko kwenye Peugeot, wala si kwenye vile vingine. Tatizo langu ni kwamba dalali amelikadiria lile saluni mara tatu ya lile la familia, na jamaa zangu wote wananishauri nilichukue hilo zuri kwa kuwa limekwisha kutengenezwa na lina historia. Sijawahi kununua kitu mnadani. Nitazame nini, niulize nini, na nitajuaje kwamba historia hiyo ni ya kweli?

Fundi wa Changamwe anajibu:

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nimefanya kazi ya bodi na injini hapa Mombasa kwa muda mrefu, na jambo la kwanza ninalokuomba ni kwamba usiende kutazama rangi. Katika mji huu adui wa gari la kale ni chumvi ya bahari, na chumvi huanzia chini, mahali ambapo mnunuzi hainami.

Elewa jinsi 404 lilivyojengwa. Halina chesisi ya peke yake kama Land Rover, bali sakafu, vizingiti vya chini ya milango na mbavu za mbele ndizo zinazobeba uzito wote wa gari. Kizingiti kikiliwa na kutu, gari hupoteza nguvu ya uti wake, milango huanza kukataa kufunga, na hakuna rangi itakayolirudishia nguvu hiyo. Chukua sumaku ndogo, uifunge kwa kitambaa chembamba usije ukakwaruza mali ya watu, kisha uipitishe polepole kwenye vizingiti, chini ya taa za mbele, pembeni mwa matao ya magurudumu na kwenye shimo la gurudumu la akiba. Bodi yote ya 404 ni ya chuma. Sumaku ikishika vizuri juu ya mlango kisha ikaanguka kwenye kizingiti, fahamu kwamba hapo pana puti, ule udongo wa kuziba mashimo ya bodi, na chini ya puti huenda hapana chuma kabisa. Sumaku hiyo hiyo haitakusaidia kwenye Land Rover, kwa sababu mabati yake ni ya aluminiamu; huko utagonga chesisi kwa mpini wa bisibisi na kusikiliza sauti, na utatazama sehemu zote ambapo aluminiamu imekutana na chuma, kwani ndipo inapogeuka unga mweupe.

Kuhusu injini usiogope sana. Ile ya 404 ni ya sentimita za ujazo 1,618, imelazwa upande kwa nyuzi 45, na silinda zake ni mikebe inayochomolewa na kubadilishwa, kwa hiyo hata injini iliyokufa hufufuka. Fundi wa bodi ndiye atakayekumaliza fedha. Mimi ningependa mara mia kununua gari lenye rangi iliyopasuka ambalo kutu yake naiona kwa macho, kuliko gari linalong'aa ambalo sijui limefunika nini.

Ukitaka nitakufuata siku ya kutazama. Sitaki malipo, nataka kuliona lile la familia.

Msomaji wa Orodha za Minada, Nyali, anajibu:

Kaka, nami naomba niseme juu ya historia, kwa sababu hapo ndipo bei ilipojificha.

Ni kweli kabisa kwamba 404 ni gari la Safari. Lilishinda mwaka 1963, kisha mfululizo mwaka 1966, 1967 na 1968, na katika mwaka 1963 na mwaka 1968 magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho, na mara zote mbili ushindi ukawa wa Nick Nowicki na Paddy Cliff. Ndiyo sababu kila mwenye 404 jeupe hutamani liwe mojawapo ya yale. Lakini mnadani neno la muuzaji halina uzito. Chenye uzito ni picha ya zamani inayoonyesha nambari ile ile ya usajili, jina la dereva katika orodha ya washiriki, risiti, barua, au kijitabu cha matengenezo chenye tarehe zinazofuatana.

Mfano mzuri ni mnada uliofanywa na nyumba ya Artcurial jijini Paris mwezi Februari 2015. Magari ya mkusanyaji mmoja yalikutwa yamelala mabandani kwa miongo mingi magharibi mwa Ufaransa, yakaletwa ukumbini na vumbi lake. Miongoni mwao kulikuwa na Ferrari 250 GT California Spider, lililokutwa chini ya rundo la magazeti, na likauzwa kwa zaidi ya yuro milioni 16. Wanunuzi hawakusumbuliwa na vumbi, kwa kuwa picha za miaka ya 1960 zilikuwapo zikimwonyesha mwigizaji Alain Delon na gari lenyewe. Sisemi kwamba 404 ni Ferrari. Nasema kwamba duniani kote anayelipa fedha nyingi hulipia ushahidi, na gari ambalo halijaguswa hutunza ushahidi wake kuliko gari lililopakwa upya juu ya kila kitu.

Sasa nakuomba utazame kitu kimoja rahisi: kibao cha nambari ya saluni. Nambari zetu za zamani zilikuwa herufi tatu na tarakimu tatu, basi. Mtindo wa kuongeza herufi nyingine mwishoni ulianza mwishoni mwa miaka ya 1980. Gari lililokimbia Safari ya mwaka 1968 likiwa limesajiliwa hapa Kenya, halafu leo likawa na herufi ya mwisho, basi lilibadilishiwa nambari wakati fulani, na muuzaji ana wajibu wa kukuonyesha karatasi za mabadiliko hayo. Asipoweza, lipe bei ya 404 la kawaida lililopakwa rangi, usilipe hata shilingi moja kwa ajili ya Safari.

Jambo la pili ni hesabu. Uliza mapema kama kuna ada ya mnunuzi juu ya bei ya nyundo, yaani dau la mwisho lililoshinda. Tuseme ada ni asilimia 10 na nyundo imeanguka kwenye shilingi 400,000: utadaiwa 40,000 zaidi, na ikiwa ada hiyo inatozwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16, ongeza 6,400, jumla 446,400, kabla hujaita lori la kulivuta. Watu wengi huweka dau la mwisho la fedha zao zote kisha wakahangaika kutafuta hiyo tofauti huku amana yao ikiwa hatarini.

Na kama kuna mtu atakayekushawishi ununue 404 katika minada ya Ulaya kwa njia ya intaneti, kumbuka kwamba kanuni yetu ya uagizaji, KS 1515, imeweka ukomo wa miaka minane kwa gari lililotumika, na kwamba magari mengi ya huko usukani wake uko kushoto. Magari ya kale yaliyokwisha kuwamo nchini ndiyo hazina yetu, na nasikitika kila ninapoona moja linakatwa vipande kwa ajili ya chuma chakavu.

Bi Karani, Mji wa Kale, anajibu:

Mwanangu Mwana wa Tudor, wenzangu wamekueleza kuhusu gari. Mimi nitakueleza kuhusu mwenye gari, maana nimeona watu wakinunua chuma halali kwa mkono usio halali.

Umesema mwenye mali amefariki. Basi swali la kwanza kwa dalali ni hili: nani amemtuma? Anayeweza kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyetambuliwa na mahakama, iwe ni Mahakama ya Kadhi au mahakama nyingine yenye mamlaka hayo. Mtoto mkubwa, mjane au jirani hana uwezo huo kwa sababu tu funguo ziko mkononi mwake. Omba kuiona hati hiyo na usome majina yaliyomo. Dalali mwenyewe awe na leseni ya Bodi ya Leseni za Madalali, chini ya Sheria ya Madalali ya mwaka 1996. Dalali mwaminifu hatakasirika ukiiomba.

Pili, logibuku, yaani hati ya usajili wa gari. Kwa mujibu wa Sheria ya Trafiki, aliyeandikwa kwenye usajili ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, na gari lililohamishwa umiliki halipaswi kutumika barabarani zaidi ya siku 14 kabla ya mmiliki mpya kusajiliwa. Magari ya kale mara nyingi yana karatasi za kale ambazo hazikuingizwa katika mfumo wa sasa wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Tafuta taarifa za gari katika mfumo huo kabla ya mnada. Jina la marehemu lisipoonekana, au likionekana jina la mtu wa tatu ambaye hakuna anayejua aliko, utakuwa umenunua pambo la uani.

Tatu, fahamu kwamba katika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa mauzo ya mnada hukamilika nyundo inapoanguka. Kabla ya hapo unaweza kuliondoa dau lako. Baada ya hapo umefungwa, na maneno “lilivyo na mahali lilipo” yatakuwa yamekuzibia njia nyingi za kulalamika. Kwa hiyo maswali yako yote yaulizwe kabla, na ikiwezekana kwa maandishi.

Mpanda Bantam, Likoni, anajibu:

Naandika kwa ufupi kwa kuwa hakuna aliyeigusa pikipiki. Bantam ya kwanza, ya mwaka 1948, ilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 123 iliyotokana na DKW RT125 ya Ujerumani, ambayo michoro yake ilichukuliwa kama fidia ya vita. Kuna watu wataikataa kwa sababu nambari ya injini na nambari ya fremu hazifanani. Kwa pikipiki za Triumph za zama hizo wangekuwa na haki ya kushuku, lakini Bantam za mwanzo zilitoka kiwandani zikiwa na nambari tofauti, na klabu ya wamiliki wa BSA ya Uingereza huwasaidia watu kutambua mwaka kwa kutumia nambari zote mbili. Kama wewe huitaki, kaka, tafadhali nipigie picha nambari hizo. Nitakuja mnadani kwa ajili yake.

Mwana wa Tudor anarudi:

Nawashukuru kwa dhati. Jana nilikwenda ghalani pamoja na Fundi, naye alilala chini ya magari yote mawili bila kujali nguo zake.

Kwenye saluni sumaku ilianguka katika vizingiti vyote viwili na chini ya taa ya kushoto. Kibao chake kina herufi ya mwisho, na nilipouliza karatasi za nambari ya zamani au picha yoyote ya Safari, niliambiwa kwamba marehemu alikuwa akisimulia tu. Huenda alisema kweli, na sina haki ya kumkanusha marehemu, lakini hakuna kilichobaki cha kuonyesha.

Lile la familia lina nambari ya herufi tatu na tarakimu tatu. Kibati cha kiwandani kipo chini ya boneti, nambari zake zinalingana na logibuku, na logibuku ina jina la marehemu. Ndani ya droo ya dashibodi tulikuta kijitabu cha matengenezo chenye mihuri ya gereji za Mombasa. Kutu ipo kwenye sakafu upande wa dereva na kwenye shimo la gurudumu la akiba, na Fundi anasema zote mbili zinarekebishika. Hati ya mirathi nimeiona, na leseni ya dalali pia. Nilikaa safu ya tatu kwa muda kidogo, na nikashindwa kusema neno.

Nimeandika kiwango changu cha mwisho kwenye karatasi, ada na kodi zikiwemo, na nimempa mke wangu aishike siku hiyo. Yamebaki mawili: je, petroli yetu ya leo isiyo na madini ya risasi italiharibu, na nikilipata, nililaze vipi wakati nyumba yangu iko karibu na maji?

Fundi wa Changamwe anajibu:

Petroli isikusumbue. Kichwa cha injini ya 404 ni cha aluminiamu, kwa hiyo vikalio vya vali ni vya chuma kigumu kilichopachikwa, kisichohitaji kinga ya risasi, na magari haya yameendelea kutembea nchini tangu petroli ya risasi ilipoondolewa kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Badilisha mipira ya petroli na usafishe tangi na kabureta kabla ya kuliwasha mara ya kwanza.

Kuhusu kulilaza, usilifunike kwa turubai ya plastiki, kwa sababu jasho linabaki ndani na kutu hufanya kazi usiku kucha. Tumia kitambaa cha pamba, chini ya paa, mahali ambapo upepo unapita lakini kusi haipigi moja kwa moja. Na likirudi kutoka barabarani, lioshe chini kwa maji ya mvua au ya bomba. Maji ya kisima cha Tudor usiyatumie hata mara moja, maana nayo yana chumvi.