Mstaafu na mkopo wa nyumba: amalize kwa mkupuo au aendelee na rejesho?

Mtoa mada: Wadau, tuweke hesabu mezani. Mtumishi wa umma Tanzania anastaafu na miaka 60, amechangia miezi 360, wastani wa mshahara wake ni 1,500,000 kwa mwezi. Kwa kikokotoo (kanuni ya kukokotoa mafao) cha Julai 2022, pensheni yake ya mwaka ni 1/580 × 360 × 18,000,000, yaani kama 11,172,000. Akiwa kwenye kundi lililopandishiwa mkupuo hadi 40%, anapokea 55,860,000 kwa mara moja (11,172,000 × 12.5 × 40%; 12.5 ni kizidishio cha kikokotoo), kisha 60% iliyobaki ya pensheni, yaani 558,600 kila mwezi. Nyumba bado inadaiwa milioni 30, riba 16%, imebaki miaka 5. Alipe yote, aendelee, au aombe benki imrefushie hadi miaka 10?

Afisa Mikopo: Kuendelea hivyo hivyo hakupo. Rejesho ni kama 729,500, pensheni 558,600. Kila mwezi atachota kwenye mkupuo mpaka uishe. Akirefusha hadi miaka 10 rejesho linashuka hadi 502,500, lakini riba yote inapanda kutoka milioni 13.8 hadi milioni 30.3, na mkononi anabaki na 56,000 za kula, umeme na dawa. Huko ni kuongeza deni. Kuhamisha mkopo kuna maana riba yenyewe ikishuka, na hata hapo jumlisha kwanza gharama za mthamini, wakili, usajili wa rehani mpya na tozo ya kulipa mkopo wa zamani kabla ya muda. Mimi nasema alipe yote siku mkupuo unapoingia.

Mwekezaji: Napinga, mkuu. Akilipa yote anabaki na milioni 25.86 kwa maisha yake yote, na akiugua, ukuta hauuziki kipande. Alipe milioni 15 tu. Salio la milioni 15 kwa miaka 5 ni rejesho la kama 364,800, na pesa mkononi ni milioni 40.86. Milioni 30 aweke hatifungani za Serikali za muda mrefu, yaani aikopeshe Serikali kwa riba. Kuponi (riba ya hatifungani) ya 15% ni milioni 4.5 kwa mwaka bila kodi ya zuio, sawa na 375,000 kwa mwezi. Rejesho linajilipa, pensheni haiguswi.

Afisa Mikopo: Kuponi hiyo hukuti kila wakati. Ile ya miaka 25 iliwahi kuwa 15.95%, mwaka 2022 ikashushwa hadi 12.56%. Kwa 12.56%, kubakiza deni la milioni 15 linalotozwa 16% kunamgharimu kama 516,000 mwaka wa kwanza, yaani tofauti ya 3.44% kwa milioni 15. Pia kuponi inaingia kila miezi 6 na benki inakata kila mwezi, kwa hiyo lazima atenge marejesho ya miezi 6 pembeni tangu mwanzo, la sivyo mwezi wa tatu tayari ana malimbikizo. Akitaka kuuza hatifungani wakati viwango vya riba vimepanda, atauza kwa hasara.

Mwekezaji: Hiyo 516,000 ni bei ya kuwa na akiba anayoweza kuigusa. Kwa mtu wa miaka 60 naiona halali, ila nakubali: kuponi ikiwa chini ya 12% hoja yangu inadhoofika.

Mwanasheria wa Ardhi: Mnasahau kifo. Kabla ya kubakiza hata shilingi, asome bima ya mkopo inakoma akiwa na umri gani. Ikikoma anapostaafu, akifariki deni linabaki kwenye nyumba ya mjane. Akipanga upya rehani ya nyumba ya familia, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka ridhaa ya mwenza, na akishindwa kulipa, notisi ni siku 60. Anayemaliza deni naye asiridhike na kurudishiwa hati tu. Adai waraka wa kufuta rehani, aupeleke kwa Msajili wa Hati, kisha afanye upekuzi kuhakikisha rehani imeondoka kwenye daftari. Nyumba ambayo haijafutiwa rehani haiuziki, na warithi watalazimika kuitafuta benki miaka mingi baadaye.