Tupeane uzoefu: pati tu (sehemu ya pili) ya muvi ya mashujaa iliyokugusa, na kipande gani hasa

Wakuu, salaam. Naanza na Wakanda Forever ya 2022, pati tu ya Black Panther. Chadwick Boseman alifariki Agosti 2020, na Ryan Coogler aliyeiongoza muvi hakuweka mtu mwingine kwenye nafasi yake ya mfalme T'Challa, steringi wa ile ya kwanza, kwa hiyo wale waigizaji walikuwa wanaigiza msiba wa mwenzao kweli. Angalieni Angela Bassett, yaani Malkia Ramonda, anapomvua jenerali wake Okoye cheo. Sauti inapanda, shingo imemkaza, na Danai Gurira, ndiye Okoye, mbele yake machozi yanamlengalenga. Hakuna ngumi hata moja, lakini ndicho kipande kizito kuliko vyote. Bassett akapata Golden Globe, na akawa mwigizaji wa kwanza kuteuliwa Oscar kwa muvi ya Marvel Studios.

Wekeni za kwenu. Msiishie kusema "ni kali", semeni kwa nini.

Mchangiaji wa 2
Kwa Malkia Ramonda sina ubishi. Mapigano ndiyo yaliniangusha. Pale darajani Boston, Okoye na mkuki wake dhidi ya Attuma, mpiganaji wa wale maadui wa chini ya maji, safi kabisa, unaona kila pigo linakotoka. Ila ile vita ya melini mwishoni ni vurugu tu, hujui nani yuko wapi. Muvi ya dakika 161 halafu unachokea sehemu ambayo ilitakiwa ikusimamishe!

Mchangiaji wa 3
Yangu ni Spider-Man 2 ya 2004. Niliiona kibanda umiza, imetafsiriwa, tumebanana kwenye mabenchi. Kile kipande cha treni: steringi hana kinyago, mikono ameinyoosha, utando unavutika mpaka nguo inachanika. Treni inasimama, anazimia, abiria wanampitisha juu ya vichwa vyao kama mtoto wao. Mzee mmoja pembeni yangu alikuwa anafuta macho. Na adui mwenyewe, Alfred Molina, anaondoka akiwa mtu, anauzamisha mtambo wake mwenyewe ili mji upone. Maadui wa siku hizi wengi hawapewi nafasi ya kubadilika namna hiyo.

Mchangiaji wa 4
Mimi ni wa Kisumu. Black Panther ya kwanza ilizinduliwa huku kwetu Februari 2018 kwa ajili ya Lupita Nyong'o, kwa hivyo ya pili nilienda nikimngojea yeye, na akachelewa sana kutokea. Nikajikuta namfuata Shuri, mdogo wake T'Challa. Yule msichana wa masihara kwenye maabara sasa hataki hata kulia. Anakunywa ule mmea wa nguvu za Black Panther, unaokukutanisha na waliokufa, akitarajia kumwona mamake Ramonda, anamkuta Killmonger, adui wa ile ya kwanza. Mwaka huo nilikuwa nimefiwa na mama, na mimi pia hasira ilitangulia machozi. Letitia Wright alinionyesha uso niliokuwa nao.

Mleta mada
Pole sana, dada. Umesema jambo kubwa.

Mchangiaji wa 2, ya melini nakuachia. Lakini pigano la Shuri na Namor, mfalme wa wale wa chini ya maji, usiliweke kapu moja na ile. Shuri anajua nguvu za Namor zinatokana na maji, anamfungia ndani ya ndege na kumkausha kwa joto. Ni akili ya maabara ile ile, ila sasa inatumika kuua. Na mkuki ukiwa shingoni mwa Namor, Shuri anauzuia. Hapo pigano na mhusika vimekwenda pamoja.