Majirani Ilazo na Kikoba: laptopu ya katibu

Mama Vero (Katibu): Wapendwa habari za jioni. Ile taarifa ya hisa itachelewa kidogo. Laptopu imerudi leo kutoka kwa fundi, kaweka diski mpya na kupiga Windows upya, sasa barua pepe inakataa neno langu la siri. Na ni lile lile la siku zote!

Balozi: Pole sana Katibu. Fundi yupi huyo?

Mama Vero (Katibu): Wa mjini huko, si wa humu. Tuache jina.

Baba Kelvin: Atakuwa kakubadilishia paswedi huyo. Nawajua mimi.

Frenki: Shikamoo mama. Baba Kelvin, kupiga Windows hakugusi paswedi ya Gmail hata kidogo. Ile wanayo Google wenyewe, haikai kwenye laptopu. Kilichofutika ni kumbukumbu ya mashine. Zamani ilikuwa inakuingiza yenyewe bila kukuuliza, sasa haikujui.

Mama Vero (Katibu): Marahaba mwanangu. Mbona mimi nilikuwa naweka namba 4 tu naingia? Nimeziweka na zenyewe zimekataliwa.

Frenki: Hizo ni PIN ya Windows mama. PIN inaishi ndani ya mashine ileile iliyotengenezewa, haitoki nje. Windows ikifutwa nayo imeenda. Utaweka nyingine baadaye, hata hizo hizo ukitaka. Kwenye Gmail wanataka paswedi yenyewe.

Dada Maandazi: Oda za kesho asubuhi jamani, maandazi na vitumbua. Wa Kisasa nitaleta hadi stendi ya bodaboda.

Balozi: Mimi maandazi 10.

Mama Vero (Katibu): 🚫 Ujumbe huu umefutwa

Frenki: MAMA FUTA HIYO! Ibonyeze uishikilie, halafu futa kwa wote!!

Baba Kelvin: Too late, tumeshaisoma 😂 kumbe mzee bado anapendwa, jina lake lote limo

Mama Vero (Katibu): Baba Kelvin nitakuja hapo kwako sasa hivi.

Frenki: Itabidi hiyo paswedi uliyoiandika humu ibadilishwe usiku huu huu, maana humu tuko wengi. Ila imenionyesha kitu. Katikati kuna alama ya @, sivyo?

Mama Vero (Katibu): Ndiyo, ipo.

Frenki: Hapo unapoandikia, chini yake kuna kiboksi cha kuonyesha paswedi. Weka tiki. Uandike tena taratibu, ukifika kwenye @ uangalie kinachotokea.

Mama Vero (Katibu): Ngoja nivae miwani

Mama Vero (Katibu): Haa! Imekuja alama ya mtu kusema. Hii "

Frenki: Hapo ndipo penye tatizo. Fundi alipokuwa anapiga Windows kachagua kibodi ya Uingereza. Vitufe vyako vimechorwa Kimarekani, @ iko juu ya 2. Kwa Waingereza Shift na 2 inatoa hiyo ", na @ wameihamishia kwenye kitufe cha jirani na Enter. Ulikuwa unaona vidoti tu, vidoti havisemi kitu.

Frenki: Bonyeza Shift na kile kitufe chenye ' pembeni ya Enter.

Mama Vero (Katibu): IMEKUBALI. Lakini inasema itatuma namba kwenye simu inayoishia na 47. Laini hiyo niliiacha nilipokuwa nafundisha Kondoa.

Frenki: Usiiguse hiyo. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika kampuni humpa mtu mwingine, utakuwa unamtumia mgeni ufunguo. Bonyeza jaribu njia nyingine. Gmail imo kwenye simu yako ya sasa?

Mama Vero (Katibu): Imo.

Frenki: Itakuuliza kwenye simu kama ni wewe. Sema ndiyo.

Mama Vero (Katibu): Nimeingia 🙏🙏 Mungu akubariki. Na ile 47 nimeshaitoa, nimeweka hii ya sasa.

Balozi: Hongera Katibu. Frenki na mimi nina shida ya simu, nikupigie?

Frenki: Kesho Balozi. Mama, sasa nenda kwenye mipangilio, sehemu ya saa na lugha, uongeze kibodi ya Marekani, ya Uingereza uiondoe. KISHA ndiyo ubadilishe paswedi. Ukianza na paswedi kabla ya kibodi tutarudi hapa hapa.

Mama Vero (Katibu): Nimemaliza vyote. Safari hii siandiki humu 😅 Sasa na zile nyingine? Ya TRA, ya mkopo wa Vero, nilikuwa sizikariri, Chrome ilikuwa inajaza yenyewe.

Frenki: Kama Chrome ya zamani ulikuwa umeiunganisha na akaunti yako zitarudi zenyewe. Fungua passwords.google.com uone.

Mama Vero (Katibu): Zipo zote. Ila faili la hisa silioni. Lilikuwa pale mbele, kwenye picha ya wajukuu.

Frenki: Mama lile lilikuwa kwenye diski ya zamani. Iko wapi?

Mama Vero (Katibu): Kwa fundi. Kasema imekufa, haina kazi.

Frenki: Diski ikishindwa kuwasha Windows haimaanishi imekufa kabisa. Mara nyingi ukiichomeka kwenye mashine nyingine faili zinasomeka. Hapo huenda ikadai ufunguo wa BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga diski, tarakimu 48. Ingia akaunti yako ya Microsoft, ile uliyokuwa unafungulia laptopu, uangalie account.microsoft.com/devices/recoverykey. Ukiukuta uandike kwenye daftari.

Mama Vero (Katibu): Upo! Naandika.

Frenki: Na hata isiposomeka tuichukue. Kwenye lile faili kuna majina ya wanachama, simu na namba za NIDA.

Balozi: Namba yangu ya NIDA imo?

Mama Vero (Katibu): Za wote zimo Balozi. Tulikubaliana kwenye kikao.

Baba Kelvin: Sasa sicheki tena

Balozi: Diski ni mali ya Katibu, umelipia diski mpya, ya zamani ni yako. Risiti unayo?

Mama Vero (Katibu): Ninayo. Nimempigia sasa hivi, anasema nije nayo 15,000 ya kuitunza.

Balozi: Ya kuitunza? Kesho saa tatu asubuhi nipitie, tunaenda wote. Frenki na wewe uje na hiyo waya ya kuichomekea. Navaa koti.