Nitajuaje ubora wa viungo vya pilau vilivyosagwa?

Mpishi, Arusha: Ndugu zangu, viungo vya pilau vilivyosagwa ninavyonunua soko la Kilombero vina rangi nzuri lakini harufu hafifu. Nitajuaje kama vimechanganywa na unga?

Jibu, Moshi: Dada, tone la ayodini (dawa ya kusafishia vidonda) hugeuza wanga ulio kwenye unga kuwa buluu iliyokoza, ila kipimo hicho kisikuhadae, kwa kuwa pilipili manga yenyewe ina wanga wa asili. Ni heri ununue viungo vizima: karafuu yenye mafuta ya kutosha huzama au husimama wima majini, ilhali iliyokwisha kukamuliwa mafuta huelea ikiwa imelala.

Jibu, Arusha: Naafiki kabisa. Hata viungo halisi hupoteza harufu vikikaa muda mrefu baada ya kusagwa, hivyo saga kidogo kidogo, bizari nyembamba ikizidi iliki na karafuu.