Kichwa cha video yangu ya dagaa kimegeuzwa mamba, na mhusika mnamjua

Wanajukwaa, naandika mikono ikitetemeka kwa hasira. Yule bwana wa kuhariri video hapa Mwanza, ambaye sina haja ya kumtaja kwa kuwa nyote mnamfahamu, jana usiku alipakia video yangu ya dakika 14 inayoonyesha namna ya kuanika dagaa kwenye chanja ili wasishike mchanga, akafuta kichwa nilichompa, "Kuanika dagaa kwenye chanja bila mchanga", akaweka chake: "MAMBA ALICHOMFANYIA MVUVI HUYU USIKU WA MANANE, UTALIA!"

Katika video ile hakuna mamba. Hakuna hata usiku; tulirekodi saa nne asubuhi, jua la kupasua mawe.

Leo nimefika mwaloni Kirumba, na mama mmoja muuza dagaa, wa rika la mama yangu mzazi, akatua ndoo yake, akaninyooshea simu mbele ya wateja: "Mwanangu, mamba yuko dakika ya ngapi? Nimemaliza bando." Mbele ya wateja! YouTube wanaruhusu herufi 100 katika kichwa, na kwenye simu huonekana chache zaidi, ndiyo maana neno "dagaa" lilipaswa kutangulia ili anayelitafuta alikute. Yeye herufi zote amempa mamba. Mama wa watu amemaliza bando, na mamba hayupo!

Sangara Mkavu: Pole, ndugu. Lakini watazamaji walikuwa wangapi?

Mleta uzi: Walikuja wengi, wakaondoka kabla dagaa wa kwanza hajafika chanjani. Yule mama peke yake ndiye aliyevumilia hadi mwisho, akimsubiri mamba.

Mkerewe Halisi: Huyo huyo aliiandika video yangu "SEHEMU YA PILI" ilhali ya kwanza haijawahi kuwapo. Ndugu zangu wa Ukerewe wananidai hiyo ya kwanza hadi leo.

Binti wa Igogo: Afadhali yenu. Video ya harusi ya dada yangu aliipa kichwa "BIBI HARUSI ATOROKA UKUMBINI", wakati dada alikwenda kubadilisha gauni tu. Wakwe walipiga simu kutoka Geita usiku huo huo.

Sangara Mkavu: Dada, hebu weka kiungo. Alirudi dakika ya ngapi?